Mbuzi wa Kunirudisha

Katika nyumba yetu ya Louisville kila kitu kilikuwa na msumari wake. Ovaroli ya mume wangu, ile aliyovaa kwenye ghala la mizigo, ilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Koti langu la kiwandani lilikuwa na msumari wa pili. Wa tatu ulikuwa wa mkanda, na mkanda huo haukuwa wa kuvaliwa. Tulikuwa watu watano katika vyumba viwili mtaa wa Iroquois: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka kumi na minne, na wavulana wawili wadogo waliolala kitanda kimoja, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Ulikuwa mwaka 2015. Watu wa kanisani walitusifu kwamba nyumba yetu ina nidhamu, nami sikatai, ilikuwepo. Hata mende wa nyumba ile walitembea kwa adabu.

Mimi nilifanya kazi kiwanda cha nguruwe. Nguruwe walikuja wananing'inia kwenye kulabu, wamepasuliwa tayari, nami nilikata bega, nikasukuma, nikakata la mwingine. Mkono mmoja kisu, mkono mwingine glavu ya chuma. Nilirudi nyumbani nanuka damu na dawa ya kusafishia, vidole vimejikunja kama bado vimeshika kisu, na kabla sijavua viatu nilikuwa nimeshaweka maji ya bugali motoni. Mume wangu alikula wa kwanza. Nyama nzuri ilikuwa yake, na hakuna aliyesema neno mpaka anawe mikono. Kisha akatusomea Biblia. Alisoma vizuri, sauti tamu, na mtoto aliyesinzia katikati ya mstari aliamshwa kwa mkanda.

Hakuwa mlevi. Watu hupenda kusikia kwamba mwanaume alikuwa mlevi, maana hapo wanapata pa kuweka lawama. Wangu hakugusa pombe tangu nimjue. Alinipiga akiwa na akili zake zote, kwa mikono iliyotoka kuomba. Alinipiga kwa bugali uliopoa, kwa kucheka na simu, kwa kumjibu, na kwa kunyamaza alipotaka jibu. Katika kambi ya wakimbizi, kabla hatujaletwa Amerika, alinipiga pia, lakini kambini kuta zilikuwa turubai na majirani walikohoa, basi akijua wanasikia alipunguza. Amerika ilimpa kuta nene na akazitumia.

Ijumaa moja majani yakianza kuanguka, basi lilichelewa, nikafika nyumbani saa aliyozoea kuukuta bugali mezani imeshapita. Nilikuwa nimeinama nasonga, mwiko mkononi, aliponipiga teke la mbavu. Nilisikia kitu ndani kikikatika. Nikaanguka kando ya jiko, naye akavua mkanda msumarini. Hapo binti yangu akaingia katikati. Hakuwahi kufanya hivyo. Alinyoosha mikono yote miwili, mtoto mwembamba wa shati la shule, akasema kwa Kiingereza, «Stop it.» Baba yake akamtazama kwanza, kama mtu anayepima. Kisha akamshika nywele na kumtupa kwenye friji, na sumaku zote zikamwagika sakafuni.

Mimi nilizoea. Nasema hivyo kwa aibu, lakini ni kweli, mwili huzoea. Ila niliona jinsi alivyompima yule mtoto, nikajua zamu yake imefika. Kuanzia siku hiyo sikuwa na haja nyingine duniani ila moja, kwamba mkono ule usimguse tena.

Nilikwenda kwa mzee wa kanisa. Akaniuliza kama mume wangu analeta chakula. Nikasema analeta. Akaniuliza kama anazini. Nikasema sijui, nadhani hapana. Akafunga macho, akaniombea mimi nipate ulimi mpole. Nilitoka pale nimekasirika hata mbavu zikaacha kuuma kwa muda.

Kwetu, kule milimani Kivu, mwanamke akichoka na kipigo hurudi kwao. Huko si kuachika, kuna taratibu zake. Unachukua mfuko mmoja na watoto, unakwenda kwa baba yako, na kama baba amekufa, kwa kaka aliyekula ng'ombe za mahari yako. Unakaa. Mume naye, akikutaka, anakuja na wazee wawili na mbuzi. Mbuzi anafungwa uani. Wazee wanakaa, na mwanamke anasema yote mbele yao, hata ya chumbani, na hakuna wa kumkatiza. Akisema narudi, mbuzi anachinjwa, watu wote wanakula, na yeye akiweka nyama ile mdomoni amemaliza maneno. Akisema sirudi, mbuzi anafunguliwa na kurudishwa alikotoka. Mama yangu alirudi kwao mara nyingi hata kamba ya mbuzi ilikuwa haitolewi uani.

Kaka yangu, aliyekula ng'ombe zangu, alikuwa Buffalo. Ni mbali, na mbavu zangu zisingevumilia basi njia nzima, kwa hiyo tulishuka njiani, mji wa Columbus, kwa shangazi. Mume wangu alikuwa kazini tulipoondoka. Binti yangu alibeba mfuko, mimi nilibeba pumzi zangu moja moja.

Shangazi alinifunga kifua kwa kitenge, akanikaza mpaka nikatoa machozi, akanilaza kwenye kochi lake. Nililala sana kwa shangazi. Nilikuwa nikiamka nasikia wanangu wanacheka mbele ya televisheni, nalala tena. Simu ya mume wangu haikukoma. Mwanzo alitukana, kisha akalia, kisha akamwambia mume wa shangazi kwamba atakuja na gari na itakuwa vita. Mume wa shangazi akaanza kuchungulia dirishani kila gari likipunguza mwendo.

«Mutoto wa kaka yangu,» shangazi akaniambia, «hapa haiko kwenu. Miye nilioleka, hii nyumba iko ya banaume bengine. Akikuya hapa, hakuna mwenye atasimama mbele yake. Mwenye alikula ng'ombe njo mwenye anapashwa kusimama.»

«Na kama asiposimama?»

«Atasimama. Iko damu yako.»

Kijana wake mkubwa akatupeleka Buffalo.

Kaka alikuwa amenunua nyumba mtaa wa Black Rock, nyumba ya mbao ya zamani, rangi imebanduka, karibu na mto, upepo unapita chini ya milango. Alifanya kazi kiwanda cha vipuri vya magari. Aliponiona ninavyoshuka garini nimejishika ubavu, alilia. Kaka yangu ni mtu mkubwa, na mtu mkubwa akilia ni jambo la kutisha. «Akikanyaga hapa nitamuvunja miguu,» alisema. «Nakuapia mbele ya Mungu.» Nilimwamini kabisa. Wifi yangu, mkewe, alikuwa nyuma yake mlangoni akifuta mikono kwenye kitenge. Mwanamke yule alisema maneno machache sana, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Tulipewa chumba cha juu. Nikapata kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Binti yangu akaanza shule, akaanza pia kuacha mlango wa bafu bila kuubana kwa kiti kama alivyofanya Louisville. Jioni nyingine nilimsikia akiimba. Theluji ilianguka mpaka ikafika madirishani, wavulana wakachimba ndani yake kama panya, nami nikafikiri, basi, imekwisha, kumbe Mungu alikuwa ameniweka foleni tu.

Mume wangu alimpigia simu kaka. Hakutukana. Alimwita «shemeji yangu mukubwa», akaomba ruhusa ya kuja na wazee, kwa taratibu, na mbuzi. Nilimwona kaka akikaa wima kitini huku simu sikioni. Miaka yote kambini hakuna aliyemletea mbuzi. Kiwandani kijana wa umri wa mwanawe alimwelekeza kwa kidole, fanya hiki, acha kile. Sasa wazee watavuka majimbo waje kukaa sebuleni kwake na kumwomba neno. Nilimwelewa. Kumwelewa hakukunisaidia chochote.

«Ulisema utamvunja miguu,» nikamwambia.

«Anakuya na heshima, dada. Mutu mwenye anakuya na heshima hatumupige. Utasema maneno yako yote. Ukikataa, mbuzi itarudia.»

Nikakubali. Kwa taratibu zetu nilikuwa salama, maana neno la mwisho lilikuwa langu.

Walifika Jumamosi mchana kwa gari kubwa la kanisa. Walikuwa mume wangu amevaa suti, mzee yule aliyeniombea ulimi mpole, mzee mwingine mwenye kofia ya manyoya, na mbuzi. Mbuzi wa kweli, mweupe mwenye madoa, aliyenunuliwa shambani huko Kentucky na kusafirishwa siku nzima juu ya plastiki, nyuma ya viti. Aliharisha gari zima. Wazee walishuka wanajinusa mikono. Ningecheka kama si binti yangu, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi za ndani, mkono kwenye reli, hashuki wala hapandi.

Kaka alimfunga mbuzi uani, kwenye nguzo ya uzio. Mbuzi akakanyaga theluji, akaona jambo asilolijua, akaanza kulia. Alilia kama mtoto anayechinjwa. Mbwa wa mtaa mzima wakaitika. Jirani wa kushoto akatoka barazani na slipa, akatazama. Jirani wa nyuma akafungua dirisha na kushika simu. Huenda alikuwa akipiga picha tu, sijui, lakini kaka aliona simu na mwili wake wote ukabadilika. Mtu aliyekimbia askari maisha yake yote hahitaji kuona sare. Alimfungua mbuzi haraka, akamburuta kwa pembe mpaka gereji, mume wangu akamfuata kumshika miguu, na mlango ukashuka. Mbuzi akalia mara moja zaidi, kisha akanyamaza. Damu ikatoka chini ya mlango wa gereji, ikapita kwenye barafu mpaka karibu na barabara, na wifi akatumwa na jembe la theluji kuifukia.

Nilikuwa jikoni. Nilipoona damu ile nilielewa, nikatoka mbio bila koti, nikapiga mlango wa gereji kwa ngumi.

«Sijasema!» nikapiga kelele. «Kaka! Mimi sijasema!»

Mlango ukapanda. Kaka alikuwa na kisu, mikono myekundu hadi viwikoni. «Polisi ingekuya,» akasema. «Ungetaka polisi ikuye? Donc, basi, nifanye nini?»

«Mbuzi hachinjwi kabla sijasema.»

«Utasema. Utasema tu, hakuna mwenye anakukataza.» Lakini hakunitazama. Nyuma yake mume wangu alikuwa akimchuna mbuzi, taratibu, akitabasamu kidogo. Yeye alijua alichopata.

Kwetu mbuzi aliyechinjwa hafunguliwi akarudi. Hakuna aliyewahi kuweka sheria ya mbuzi aliyechinjwa kwa kuogopa simu ya jirani, kwa hiyo wazee waliketi na kuamua kwamba mbuzi amekufa, na kwa kuwa amekufa, neno langu lilikuwa limeshasemwa.

Nyama ilipikwa. Nyumba ikajaa harufu ya vitunguu, wavulana wangu wakaruka kwa furaha, maana walikuwa watoto na walikuwa na njaa. Wanaume wakakaa sebuleni. Mimi nikaketishwa kwenye mkeka ingawa viti vilikuwepo. Mzee wa kofia akasema safari ilikuwa ndefu na Mungu ni mwema. Mzee wa pili akasema bibi bila bwana ni mlango bila bawaba, au maneno ya namna hiyo. Mume wangu akasema, «Nilikosa. Mutu yote anakosaka.» Akasema hivyo akitazama saa yake. Kisha wifi akaleta sahani, akaiweka mbele yangu, paja limeiva, mchuzi unatoa moshi. Wote wakanitazama mdomo.

Nikaanza kusema. Nikasema juu ya teke, na mbavu, na friji. Mzee wa kofia akainua mkono. «Mama, hayo tumeshayasikia. Kula kwanza.»

«Hamjayasikia. Mnayasikia sasa.»

«Mbuzi iko mu sahani, mama. Maneno iliisha.»

Nikaisukuma sahani ile kwa mguu. Ndiyo, kwa mguu, mbele ya wazee, na ningeisukuma kwa kitu kibaya zaidi kama ningekuwa nacho. Mchuzi ukamwagika kwenye zulia la kaka. Naye kaka, aliyelia kwa ajili ya mbavu zangu, akainuka na kunipiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu wa kiwandani. Masikio yangu yakapiga filimbi na nikaona sakafu inakuja. Kofi lile liliniuma kuliko mateke yote ya Louisville, maana nilikuwa nimeuacha uso wangu wazi, nilidhani niko kwetu.

«Unaniletea haya mu nyumba yangu!» kaka akasema, akilia tena. «Batu batoka mbali hivi!»

Wifi alisimama mlangoni pa jikoni, kijiko mkononi. Mume wangu akafuta suti yake, akainuka.

«Bon, sawa,» akasema. «Yeye hataki. Hakuna shida, siwezi kumubeba kama mufuko. Lakini nyumba haiwezi kukaa bila mwanamuke. Binti iko mukubwa, anajua kupika. Nipeni binti, tuende.»

Nikawatazama wazee. Mzee wa kofia alikuna kidevu, akasema kwamba kwa kweli watoto ni wa baba, na mbuzi ametolewa, na mtu hawezi kurudi mikono mitupu. Mwingine akaitikia kwa kichwa. Kwao lilikuwa jambo la haki. Mume wangu akapanda ngazi mbili tatu, akamshika binti yangu mkono juu ya kiwiko, akamvuta. Mtoto alishikilia reli kwa mkono mwingine, vidole vyeupe, na alinitazama mimi tu. Baba yake akambandua vidole kimoja kimoja.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka kwamba nilikuwa kwenye ngazi na mkono wake ulikuwa mbele ya uso wangu, ule aliomshikia mwanangu, nikauma. Niliuma chini ya kidole gumba, pale penye mnofu, nikafunga taya kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Alinipiga kichwani kwa mkono mwingine. Nikaendelea. Akanipiga tena, akaita jina la mama yake, sauti ile tamu ya Biblia ikawa ya mbuzi. Damu yake ilijaa mdomoni mwangu, ya moto, ina chumvi, nami nilifurahi. Sitasema nilisikitika, maana ningekuwa mwongo. Kaka na mzee wa kofia walinivuta miguu, na wifi yangu, yule asiyesema, akamshika kaka kwa nyuma ya shati na kumpiga mgongoni kwa kijiko cha mchuzi, akisema, «Mumuache! Mumuache! Mumuache!» Mume wangu alipomwachia mtoto ndipo nilipomwachia yeye. Kipande kilitoka. Nilikitema kwenye zulia, karibu na paja la mbuzi, na hiyo ndiyo nyama niliyoonja siku ile.

Wazee walikitazama. Mzee wa kofia akavaa kofia yake.

Walimfunga mkono kwa taulo la wifi wakaondoka kabla ya giza, gari linanuka vilevile. Kaka alikaa kwenye kochi, kichwa mikononi, mchuzi mgongoni mwa shati. Hakunifukuza, wala hakuniomba radhi, na kwa miezi mingi alinipitishia chumvi mezani bila kunitazama. Wifi akabeba sufuria nzima ya nyama, akatoka nayo nje, akaimwaga kwenye pipa la takataka. Wavulana wangu walilia kwa sababu ya nyama.

Nilipanda bafuni, nikaketi ukingoni mwa bafu. Binti yangu akanifuata, akafungua maji ya moto, akalowesha kitambaa. Alinifuta kidevu, akanifuta shingo, akaniambia nifungue mdomo, akanifuta meno. Alifanya kazi safi. Juu ya kiwiko chake alama za vidole zilianza kugeuka bluu.

«Mama, tunabaki?» akaniuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, na yeye hakuwa ananisemesha Kiswahili siku hizo.

«Tunabaki,» nikamwambia.

Nikainua mkono nimguse shavu. Akafumba macho, akapandisha bega hadi sikioni, akasimama hivyo akingoja. Nikaushusha mkono wangu polepole, nikauweka juu ya goti mahali anapoweza kuuona, nikangoja mpaka afumbue macho mwenyewe.